Kulinganisha ukosefu wa mahitaji kati ya nchi na nchi: utumie kipimo kipi?

Luxembourg na Bulgaria zote ziko Umoja wa Ulaya, na takwimu zao hutolewa na ofisi moja, Eurostat. Kwa kipimo cha kipato, mtu huhesabiwa yuko hatarini kuwa maskini pale kipato chake kinapokuwa chini ya asilimia 60 ya kipato cha katikati cha nchi yake. Kwa hesabu hiyo nchi hizi mbili hukaribiana. Miaka ya karibuni pengo lao limekuwa la pointi chache tu. Badilisha swali, uliza ni wangapi hawamudu mambo ya kawaida kama kulipa bili kwa wakati au kubadilisha fanicha iliyochakaa, na kiwango cha Bulgaria kinakuwa zaidi ya mara tano ya kile cha Luxembourg.

Hakuna aliyekosea hesabu. Mstari wa asilimia 60 huchorwa upya katika kila nchi, kwa hiyo mtu aliye karibu na mstari huo Luxembourg anaweza kununua vitu vingi kuliko mtu wa kipato cha katikati Bulgaria. Kipimo cha kwanza kinauliza nani ameachwa nyuma na wenzake. Cha pili kinauliza nani anakosa nini. Anayelinganisha nchi lazima aamue kwanza anataka jibu la swali lipi, kisha akubali hasara moja isiyokwepeka: kipimo kinachovuka mipaka vizuri husema machache kuhusu maisha ndani ya nchi moja, na kile kinachoijua nchi moja kwa undani hakivuki mpaka. Sijaona bado kinachoyaweza yote mawili.

Vinavyokutwa mara nyingi ni hivi vitano:

| Kipimo | Kinachoulizwa | Nani huhesabiwa | Kinakofaa |
|---|---|---|---|
| Mstari wa dola (Benki ya Dunia) | Matumizi au kipato cha mtu kwa siku | Aliye chini ya dola 3.00 | Picha ya jumla ya dunia |
| Orodha ya Umoja wa Ulaya | Mambo 13 ambayo mtu hamudu | Aliyekosa 7 au zaidi | Nchi za Ulaya |
| Umaskini wa nyanja nyingi (MPI) | Viashiria 10 vya afya, elimu na hali ya maisha | Kaya yenye theluthi moja ya upungufu au zaidi | Nchi zinazoendelea |
| Faharasa ya Afrobarometer | Kukosa mahitaji matano mwaka uliopita | Hakuna mstari. Ni alama 0 hadi 4 | Nchi za Afrika |
| Kipimo cha FAO cha uhaba wa chakula (FIES) | Maswali 8 kuhusu chakula tu | Kwa uwezekano wa uhaba wa wastani au mkali | Karibu dunia nzima |

Dola: upite hapo, usikae

Mstari wa dola si kipimo cha ukosefu wa mahitaji, ila kila mtu huanzia hapo, kwa hiyo tuumalize upesi. Juni 2025 Benki ya Dunia iliupandisha kutoka dola 2.15 hadi 3.00 kwa siku, baada ya kupata takwimu mpya za bei za mwaka 2021 na kupitia upya mistari ya nchi maskini zenyewe. Kwa mabadiliko hayo, idadi ya watu waliohesabiwa kuwa katika umaskini uliokithiri mwaka 2022 iliongezeka kwa takriban milioni 125 kwenye karatasi, bila maisha ya yeyote kati yao kubadilika. Ukikutana na grafu ya umaskini wa dunia, angalia imechorwa kwa mstari upi kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Kuna jambo jingine ambalo huandikwa kwa herufi ndogo. Nchi nyingi za Amerika ya Kusini hupima kipato, ilhali Afrika na sehemu kubwa ya Asia hupima matumizi. Mtu asiyeingiza kitu mwezi huu lakini anakula akiba yake ni fukara kwa njia ya kwanza, na kwa ya pili hana tatizo. Isitoshe, maji ya bomba, shule na zahanati mara nyingi haviji kwa kununuliwa na kaya moja moja. Kaya mbili zenye dola zilezile zinaweza kuishi maisha yasiyofanana hata kidogo.

Orodha ya Ulaya: kukosa kwa kutomudu

Asili ya njia hii iko Uingereza. Mwaka 1979 Peter Townsend alitoa hoja kwamba maskini ni yule ambaye rasilimali zake hazimruhusu kuishi kama desturi ya jamii yake inavyotaka. Mwaka 1983 Joanna Mack na Stewart Lansley wakaenda hatua moja mbele: badala ya wataalamu kuamua nini ni lazima, waliwauliza wananchi. Kitu kilichotajwa kuwa cha lazima na zaidi ya nusu ya watu kiliingia kwenye orodha. Halafu likaulizwa swali la pili, je, unakikosa kwa kupenda au kwa kutokuwa na uwezo?

Eurostat iliurithi utaratibu huo. Orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2009 ilikuwa na mambo tisa, na aliyekosa manne alihesabiwa kuwa na ukosefu mkali. Kasoro yake ilijitokeza mapema. Televisheni, simu na mashine ya kufulia zilikuwa humo, na karibu kila kaya ya Ulaya ilikuwa nazo, kwa hiyo maswali matatu kati ya tisa hayakumtenga mtu na mwenzake. Orodha mpya, iliyokubaliwa mwaka 2017, iliyaondoa. Yakaingia intaneti, kubadilisha nguo na fanicha zilizochakaa, jozi mbili za viatu vinavyotosha miguu, kiasi kidogo cha fedha kila wiki cha kutumia kwa ajili yako mwenyewe, burudani za mara kwa mara, na kukutana na ndugu au marafiki kwa chakula au kinywaji angalau mara moja kwa mwezi. Sasa mambo ni 13. Matano yanatosha kukuhesabu una ukosefu, saba ni ukosefu mkali. Kiwango hiki cha saba ni sehemu ya lengo la Umoja huo la kupunguza kwa milioni 15, ifikapo 2030, watu walio hatarini kuwa maskini au kutengwa na jamii. Mfululizo wa zamani na huu mpya usiunganishwe kwenye grafu moja, ingawa majina yao yanakaribia kufanana na kishawishi ni kikubwa.

Lichukue swali la gari, kwa sababu lina funzo. Majibu ni matatu: tunalo, hatuna kwa sababu hatumudu, hatuna kwa sababu nyingine. La pili pekee ndilo linalohesabiwa. Anayeishi mji wenye treni kila baada ya dakika tano na hataki gari halimhusu. Hapo ndipo ubora wa orodha hii ulipo, na udhaifu wake uko papo hapo. Mtu aliyeishi miaka mingi bila kitu huacha kukitaka. Ukimuuliza, atasema hakihitaji, na dodoso litamweka kundi moja na tajiri anayependa kutembea kwa miguu. Wazee hujibu hivi mara nyingi kuliko vijana, hivyo nchi yenye wazee wengi inaweza kuonekana na nafuu isiyokuwa nayo.

Swali la joto nalo lina mtego wake. Mtu angetarajia Finland, kwenye baridi kali, iongoze kwa watu wasiomudu kupasha nyumba joto. Kumbe ni miongoni mwa nchi zenye kiwango cha chini kabisa, na walioko juu ni akina Bulgaria, Ureno na Cyprus. Nyumba za kaskazini zimejengwa kuzuia baridi. Za kusini nyingi hazikujengwa hivyo. Swali linapima mfuko wa mtu na ukuta wa nyumba yake kwa pamoja. Ukikusudia kupima tabu mtu anayoipata, sawa. Ukikusudia kupima uhaba wa fedha, hapo umechanganya mambo mawili.

Jambo ninalolipenda zaidi kwenye orodha mpya halisemwi sana: maswali sita kati ya 13 huulizwa kwa kila mtu mzima, si kwa kaya. Viatu, nguo, fedha ya mfukoni, intaneti na kadhalika. Kwa hiyo mke anaweza kuonekana amekosa huku mume, chini ya paa lilelile, hajakosa. Vipimo vingine vingi huigawia kaya nzima jibu moja na kufunga mlango. Watoto nao wana orodha yao tangu 2018, yenye mambo 17, na matatu yanatosha.

MPI: uzito ni uamuzi wa mtu

Nje ya Ulaya, orodha ile haifiki mbali. Kumuuliza mtu kuhusu wiki moja ya likizo mbali na nyumbani, mahali ambapo watu wengi hawana choo, ni kupoteza muda wake. Kwa ajili ya nchi zinazoendelea, UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) na kituo cha OPHI cha Chuo Kikuu cha Oxford hutoa MPI tangu 2010, kwa njia ya hesabu ya Sabina Alkire na James Foster. Nyanja ni tatu, kila moja theluthi. Afya ina lishe na vifo vya watoto. Elimu ina miaka ya kusoma na mahudhurio shuleni. Kila kimoja kati ya hivyo vinne kina uzito wa sehemu moja ya sita. Hali ya maisha ina viashiria sita, yaani nishati ya kupikia, choo, maji ya kunywa, umeme, nyumba na mali za nyumbani, kila kimoja sehemu moja ya 18. Upungufu wa kaya ukifika theluthi moja, wote waliomo huhesabiwa maskini. Ripoti ya 2024 ilihesabu watu bilioni 1.1 kati ya bilioni 6.3 katika nchi 112.

Tuweke kaya tatu za kubuni. Ya kwanza hupikia kuni, haina umeme, hufuata maji safari ya zaidi ya dakika 30 kwenda na kurudi, huchangia choo na jirani, ina sakafu ya udongo na haina hata baiskeli wala redio. Sita kwa 18, yaani theluthi kamili: maskini. Ya pili ina umeme, maji ndani na jokofu, lakini mtoto mmoja ana utapiamlo na mwingine wa umri wa shule haendi shule. Sehemu moja ya sita mara mbili: maskini vilevile. Ya tatu ina mtoto mwenye utapiamlo, hupikia kuni na hulala gizani. Tano kwa 18. Haijafika, inawekwa kapu la walio hatarini.

Je, kaya ya tatu ina nafuu kuliko ya kwanza? Mimi nasita. Hakuna kanuni ya asili inayosema mtoto mwenye utapiamlo ni sawa na ukosefu wa umeme, choo na maji kwa pamoja. Kuna watu walikaa wakaamua, wakaeleza sababu zao wazi, na uwazi huo ndio unaonifanya nikiamini kipimo kuliko ningeamini kingine kilichoficha uzito wake ndani ya hesabu ngumu. Hata hivyo anayetumia alama hizi ajue kwamba amekubali pia maoni ya wengine kuhusu kipi ni kizito.

Kuna namba moja ambayo magazeti huiruka: makali. MPI ya nchi ni asilimia ya maskini mara wastani wa upungufu walionao hao maskini, na wastani huo ndio makali. Nchi yenye maskini asilimia 40 ambao kwa wastani wamekosa asilimia 40 ya viashiria inapata 0.16. Yenye maskini asilimia 32 waliokosa nusu inapata 0.16 pia. Alama zimefungana, lakini hatua za kuchukua si zilezile: ya kwanza inaweza kuwavusha wengi kwa msukumo mdogo, ya pili ina watu walio chini sana. Usiripoti alama bila vipande vyake viwili.

Udhaifu? Takwimu hutegemea tafiti za kaya, hasa za DHS (tafiti za idadi ya watu na afya) na zile za UNICEF ziitwazo MICS, na si kila nchi hufanya kila mwaka. Kwenye jedwali moja utakuta nchi mbili ambazo tafiti zao zimepishana karibu miaka kumi, zikipangwa kama washindani wa mbio moja. Kaya isiyo na mtoto wa umri wa shule huhesabiwa haijakosa mahudhurio, kwa hiyo kaya ya wazee watupu ina njia chache za kuonekana maskini. Umeme ukiwepo, umepata. Kama hukatika siku nne kwa wiki, au kama bili haijalipwa, kipimo hakijui. Ndiyo maana MPI haisemi kitu cha maana kwenye nchi tajiri: karibu kila mtu anapita.

Halafu kuna mkanganyiko wa jina. Lengo namba 1.2 la Malengo ya Maendeleo Endelevu linazitaka nchi zipunguze angalau kwa nusu umaskini wa aina zote kwa tafsiri ya kila nchi yenyewe, na nyingi zimejitengenezea MPI za kitaifa. Mexico ilitangulia kwa kipimo rasmi mwaka 2009, kinachounganisha kipato na haki za kijamii. Vipimo hivi vya kitaifa ni vizuri kwa bajeti na mipango ya ndani. Kuvilinganisha nchi kwa nchi ni kosa la wazi, kwani viashiria, uzito na mistari yake havifanani, hata pale jina la kwenye jalada linapokuwa moja.

Maswali mafupi, majibu ya haraka

Afrobarometer, iliyoanza mwaka 1999 na sasa hufanya tafiti za maoni katika nchi zaidi ya 30 za Afrika, inauliza mambo matano tu: ni mara ngapi mwaka uliopita wewe au yeyote katika familia yako mlikosa chakula cha kutosha, maji safi, dawa au matibabu, nishati ya kupikia, na kipato cha fedha taslimu. Jibu ni kuanzia "hatukukosa kamwe" hadi "tulikosa wakati wote", alama 0 hadi 4, kisha wastani. Sampuli ya kawaida ni watu wazima 1,200 au 2,400 kwa nchi. Kwa nchi nzima inatosha. Kwa wilaya haitoshi. Faida yake kubwa ni upya wa takwimu na kwamba inauliza uzoefu: bomba lililopo lakini halitoi maji linaonekana hapa, kule MPI linaweza kupita. Angalizo langu ni moja. Swali la fedha taslimu ndilo hujibiwa "tulikosa" na watu wengi kuliko mengine yote, na huinua wastani mzima. Nikiitumia, huonyesha matano yote moja moja kando ya wastani.

FIES ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) inahusu chakula tu, lakini kwa ulinganisho wa nchi ndiyo iliyoifanya kazi ngumu kwa uaminifu zaidi. Maswali manane yanapanda ngazi, kutoka kuwa na wasiwasi wa kukosa chakula hadi kukaa kutwa nzima bila kula kwa kukosa fedha au njia nyingine. FAO hukusanya majibu tangu 2014 katika nchi zaidi ya 140. Kisha, kwa njia ya kitakwimu iitwayo modeli ya Rasch, hukagua kama kila swali lina uzito uleule katika nchi zote. Swali linalofanya kazi tofauti mahali fulani haliachwi liharibu ulinganisho. Linatolewa kwenye yale yanayotumika kusawazisha mizani. Vipimo vingine hudhania kwamba swali lilelile lina maana ileile kila mahali, hiki kinajaribu kuthibitisha.

Kisicholinganishwa: matabaka matano ya utajiri

Ripoti za DHS huzigawa kaya katika makundi matano, kuanzia maskini zaidi hadi tajiri zaidi, kwa kuangalia mali na nyumba. Kundi la chini ni asilimia 20 ya watu daima, iwe nchi imejaa magari au haina barabara. Sentensi kama "maskini zaidi wa nchi hii wana hali nzuri kuliko maskini zaidi wa nchi ile", ikitoka kwenye makundi haya, imejengwa juu ya hewa. Yatumie kulinganisha watu wa nchi moja.

Basi uchague nini

Unagawa misaada kati ya nchi nyingi maskini? MPI, vipande vyote viwili, na mwaka wa utafiti ukiandikwa mbele ya kila nchi. Mstari wa dola uweke pembeni kama shahidi wa pili. Vikipingana, usichague unachokipenda, soma ni viashiria vipi vimeleta tofauti. Unaandika habari kuhusu ugumu wa maisha wa mwaka huu Afrika? Afrobarometer. Unalinganisha nchi za Ulaya? Mambo 13, pamoja na mstari wa asilimia 60, kwa sababu watu waliomo kwenye kimoja na kingine hawalingani, na wale walionaswa na vyote viwili ndio wa kuwaangalia kwanza.

Tatizo gumu ni kuweka nchi tajiri na maskini kwenye jedwali moja. Orodha ya vitu haiwezi. Ukichagua vitu vya msingi, nchi tajiri zote zinasoma sifuri. Ukichagua vya starehe, nchi maskini zote zinasoma mia. Hapo ningetumia FIES peke yake na kukubali kwamba nimepima chakula tu.

Vyovyote uchaguavyo, fanya jaribio hili kabla ya kuchapisha: sogeza kizingiti. Saba ya Ulaya iwe sita, theluthi ya MPI iwe robo. Nchi zikibaki kwenye mpangilio uleule, una jambo la kusema. Zikipishana, kilichokuwa mkononi mwako ni kizingiti tu. Angalia pia ukubwa wa makosa yanayoweza kutokana na sampuli. Nchi zinazopishana kwa pointi moja hazina nafasi ya tatu na ya nne, zina nafasi moja.

Tafiti hizi zote hugonga milango ya kaya. Wanaolala mitaani, walio magerezani, kwenye nyumba za kulelea wazee, na mara nyingi wakimbizi kambini, hawamo kwenye orodha ya sampuli. Kama swali lako linawahusu hao, kati ya vipimo vitano vya hapo juu hakuna cha kukujibu. Utafute hesabu iliyofanywa kwa ajili yao mahususi, uiandike kwenye safu yake yenyewe, na usiijumlishe na hizi.